Nyumba za kupanga Kalangala: wageni wa wikendi wawekewe kikomo, au tuhame sisi?

NesiKisiwani
Hamjambo jamani. Nauliza kwanza, kisha nitasimulia. Je, wilaya iweke kikomo cha nyumba za kupanga zinazogeuzwa vyumba vya wageni hapa Bugala, kisiwa chetu cha Ziwa Viktoria huku Uganda, au kila mwenye nyumba afanye apendavyo na bati lake?

Mimi natokea Arua, nimehamishiwa kazi hapa mwaka huu. Nilipata chumba na sebule kwenye mteremko wa kushukia Lutoboka, kwenye gati la meli, laki mbili na nusu kwa mwezi. Pasaka ilipokaribia mwenye nyumba akanijia kwa upole: "Mwanangu, nisaidie ukalale kwa rafiki, siku nne tu." Nikatoka. Niliporudi nilikuta taulo imekunjwa mfano wa bata juu ya kitanda changu, na ndoo yangu ya unga iko nje chini ya mwembe. Idi tena nikatoka. Juni 3, Siku ya Mashahidi, vilevile. Mara ya nne nikakataa, nikapewa wiki mbili nihame. Chumba kile leo ni elfu themanini kwa usiku. Wikendi mbili tu zinapita kodi yangu ya mwezi, kwa hiyo hesabu yake naielewa. Lakini Jumatatu wageni wakishapanda meli, sindano mtachomwa na nani?

MwenyeBati
Dada nesi, pole kwa habari ya taulo. Mimi siye mwenye nyumba wako, ila ningeweza kuwa. Nina vyumba sita hapa mjini, vitatu vya wapangaji, vitatu vya wageni. Mnadhani nyumba inaota kama uyoga? Sementi inatoka Masaka, inavuka Bukakata mpaka Luuku. Kivuko ni bure, sawa, lakini lori si bure, na wapakiaji si bure. URA, watu wa mapato, wanataka asilimia 12 ya kodi yote inayozidi 2,820,000 kwa mwaka, hawaulizi bati ulilinunua kwa mkopo wa nani. Mpangaji analipa siku anayojisikia. Mgeni analipa kabla hajavua viatu.

Halafu nyie watumishi mna posho ya mazingira magumu, asilimia 30 juu ya mshahara. Inakwenda wapi kama haiji kwenye nyumba? Mimi bado napangisha, msinichukie. Isipokuwa watu wa mukene, wale wa samaki wadogo wa kuanika. Hao basi. Nilimpa mmoja chumba mwaka juzi, nimepaka rangi mara mbili na mvua ikinyesha ukuta bado unanuka.

WakiliWaKijiweni
Kuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022. Kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hatolewi kwa nguvu bila amri ya mahakama. Dada nesi, una mkataba wa maandishi?

MamaMukene
Mwenye Bati, rudi hapo nyuma kidogo. "Watu wa mukene" ndio nani?

Nimesomesha watoto wanne kwa mukene, wa kwanza sasa ni fundi umeme Entebbe. Mukene wangu haingii ndani ya nyumba ya mtu. Anatoka mtumboni alfajiri, anamwagwa juu ya neti kwenye vichanja, saa nne unamgeuza, saa kumi anakatika mkononi kama jani kavu, anaingia guniani. Huyo hanuki, ananukia. Anayenuka ni yule aliyeanikwa chini mchangani, mvua ikaja, mtu akamkimbiza ndani bado mbichi. Mpangaji wako alikuwa mvivu. Sema "mvivu", usiseme "watu wa mukene".

Na hao wageni wako wakishuka melini, swali la kwanza ni "samaki wako wapi?"

MwenyeBati
Mama, sikukutaja wewe.

MamaMukene
Ulitaja mwalo mzima.

MswahiliWaTanga
Samahani kuingilia. Mimi nafanya kazi Kampala, Kalangala nimefika mara mbili. Hilo neno mukene halimo katika Kiswahili. Ni dagaa. Tukiandika Kiswahili tuandike Kiswahili.

AfandeMstaafu
Ndugu wa Tanga, hilo ziwa ni moja. Mwanza wanasema dagaa, Kisumu wanasema omena, sisi tunasema mukene. Samaki mwenyewe hana pasipoti. Umekuja kwenye msiba unauliza kwa nini sanda imeshonwa vibaya?

MswahiliWaTanga
Sijaja kwa shari, afande. Nasema tu. Kule Lutoboka niliona kibao kimeandikwa "CHUMBA IKO WAGENI NAKARIBISHWA". Nilisimama nikakitazama dakika nzima.

AfandeMstaafu
Ulielewa kwamba kuna chumba?

MswahiliWaTanga
Nilielewa.

AfandeMstaafu
Ulikaribishwa?

MswahiliWaTanga
Nililala hapo.

AfandeMstaafu
Basi kibao kimefanya kazi yake. Hicho Kiswahili unachokicheka mimi nilikipata kambini, watu wa makabila hata kumi wanaamrishana kwa lugha moja na hakuna aliyepiga risasi upande usiofaa. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Tunajifunza. Wewe ulizaliwa nacho, hukukihangaikia.

KijanaNakiwogo
Afande amepiga saluti hapo 😂

MswahiliWaTanga
Kuzaliwa nacho si kosa, mzee wangu. Na mama yangu alikaanga dagaa kila wiki, sikudharau mtu wala samaki.

NesiKisiwani
Naomba turudi. Mwenye Bati, umesema posho. Hiyo asilimia 30 unayoihesabu kwenye mfuko wangu, ngoja nikuambie inatoka wapi. Mwezi uliopita tulimleta mama mwenye uchungu kutoka Bufumira, usiku, kwa mtumbwi, mvua inatupiga ubavuni. Nimekaa sakafuni mwa mtumbwi kichwa chake kiko pajani kwangu, mkono mmoja nimeshika turubai, wa pili nimeshika tochi, na baharia anauliza kila dakika "bado?" kana kwamba mimi ndiye ninayezaa. Tulifika, mtoto akalia. Saa kumi na mbili asubuhi narudi nyumbani nikalale, nakuta mlangoni vijana wanne wa Kampala wanauliza Wi-Fi inafunguliwaje.

Hayo ndiyo mazingira magumu. Posho si ya kukujengea chumba cha nne cha wageni.

MwenyeBati
Nimeshasema siye mimi mwenye nyumba wako!

NesiKisiwani
Lakini hesabu ya mfuko wangu umeifanya wewe.

MjukuuWaSsese
Mnachekesha. Mnagombania vyumba sita na samaki mdogo, shida kubwa mmeiacha imekaa pembeni inawatazama. Bugala ilipangiwa hekta 10,000 za michikichi: 6,500 za shamba kuu la kampuni, 3,500 za wakulima wadogo. Ukitoka hapo, ufukweni kanuni za mazingira za 2000 zinakataza kujenga ndani ya mita 200 za Ziwa Viktoria. Ukitoka hapo, ardhi nyingi ni mailo, ardhi ya mtu mwenye hati, naye anakaa Kampala; aliye juu ya kibanja, kipande anachokaa bila hati, hawezi kuweka hata tofali la pili bila maneno. Kilichobaki ni hiki kilima cha mjini. Juu yake mnataka kuwaweka nesi, mwalimu, karani, kibarua wa michikichi na mtalii. Hata mkifukuza wageni wote leo, vibarua wanaingia kesho asubuhi, wanne wanne kwenye muzigo mmoja, chumba kimoja tu.

Lakini mtayajuaje hayo, wote hapa mmekuja na meli.

KijanaNakiwogo
Mimi sikuja na meli, nilikuja na mtumbwi.

MamaMukene
Mjukuu, mimi nina miaka ishirini na mbili hapa. Nimezika mume hapa. "Mmekuja na meli" unaniambia mimi?

MjukuuWaSsese
Mama, miaka 22 ni mingi, nakuheshimu. Lakini babu zangu waliondolewa visiwani humu mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa sababu ya malale, Mwingereza akavifunga, watu wakakaa huko bara kama wakimbizi. Waliporudi walikuta msitu umekula nyumba. Ndiyo maana najua maana ya kuambiwa "toka kidogo, utarudi". Nesi ameambiwa mara nne.

MamaMukene
Kumbe waliporudi walikuja na nini?

KijanaNakiwogo
😂😂😂 Mama!

MjukuuWaSsese
Sawa, mitumbwi. Umenishika.

MwenyeBati
Hiyo habari ya mita 200 imenifurahisha. Shukeni Lutoboka mpime kwa hatua, muone ni majengo mangapi yatabaki. Wakubwa wanajenga mpaka miguu ya vitanda inalowa, mimi wa mlimani mwenye vyumba sita ndiye naitwa nije kwenye mjadala.

AfandeMstaafu
2020 ziwa lilijipimia lenyewe. Mei ile lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, lilikuwa halijawahi kufika hapo. Mimi nilikuwa na kibanda cha soda karibu na gati. Asubuhi nikakuta kreti zinaelea, kambare yuko ndani ya duka ananitazama kama mteja. Waliohama siku zile ndio walipanda huku juu, na kodi ikapanda nao.

WakiliWaKijiweni
Narudia: asilimia 10.

MwenyeBati
Wakili, asilimia 10 ni kwa mpangaji aliyemo ndani. Mimi sijapandishia mtu kodi. Aliyehama amehama, akaingia mgeni, na mgeni si mpangaji, analala tu. Wapi nimevunja sheria?

WakiliWaKijiweni
Ndiyo maana nilimuuliza nesi mkataba. Sheria hiyohiyo inasema makubaliano ya kuanzia shilingi 500,000 yawe ya maandishi. Hakunijibu.

NesiKisiwani
Kaka, mkataba wangu ulikuwa jina langu na "imepokelewa" nyuma ya kalenda ya duka la dawa. Mwaka ukiisha kalenda inatupwa.

WakiliWaKijiweni
Ulipiga picha?

NesiKisiwani
Ya kalenda? Nilipiga picha ya bata wa taulo.

MwalimuWaMusoma
Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi ni mwalimu hapa Kalangala, mwaka wa tano. Kwetu Musoma, nimeolewa huku. Mwaka wa kwanza nililala darasani, madawati mawili yameunganishwa. Naunga mkono kikomo, lakini si kwa kuwanyang'anya kina Mwenye Bati vyumba. Aliye na leseni ya nyumba ya wageni awe na wageni, anayechukua kodi ya mwezi asimtoe mtu Pasaka. Achague. Siyo mguu mmoja melini, mwingine gatini.

Na ndugu wa Tanga, kwetu tunasema dagaa, hapa nimezoea mukene, na chungu ni kilekile.

MswahiliWaTanga
Mwalimu, kimatamshi lakini, "mu-" hiyo ya mwanzo

AfandeMstaafu
Tanga, kaa chini.

MwenyeBati
Hoja ya mwalimu naielewa, "achague". Mimi naweza kuchagua. Lakini nani atapita kuhesabu? Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji? Mwenyekiti wetu mwenyewe ana vyumba viwili uani, Ijumaa jioni saa kumi na moja na nusu amesimama gatini kama sisi wote, anatafuta sura zenye mabegi ya magurudumu.

KijanaNakiwogo
Hilo ni kweli. Mimi huwashushia mabegi. Kila mtu yuko pale, mpaka mchungaji.

MjukuuWaSsese
Usiingize wachungaji.

KijanaNakiwogo
Yeye ndiye anayeingiza, ana vyumba vitatu.

HajatiWaBombo
Jamani habari zenu. Nimeletewa mjadala huu na mwanangu. Mimi sipo Kalangala, ila swali langu ni moja: huyo binti anayeleta watoto duniani usiku ndani ya mtumbwi, leo amelala wapi?

NesiKisiwani
Hajati, shikamoo. Nalala kwenye stoo ya kituo, kati ya maboksi ya glavu na kreti ya chupa za dripu. Ni pakavu. Dirisha halifunguki.

HajatiWaBombo
Marahaba mwanangu. Na nyinyi siku tatu mnapima samaki kwa majina.

MamaMukene
Nesi, sikiliza. Nina chumba kule nyuma ya mwalo, cha kijana wangu aliyekwenda Entebbe. Kina bati jipya, saruji chini, choo ni cha nje tunachangia nyumba mbili. Umeme upo, tokeni unanunua mwenyewe. Laki moja na ishirini. Pasaka hutoki, Idi hutoki, hata Papa akija hutoki. Harufu ya mukene ipo, sitakudanganya, usiku wa giza mitumbwi ikirudi alfajiri utaijua. Ila mwezi ukiwa mpevu taa zetu hazivui kitu, hapo unapumzika.

NesiKisiwani
Mama, Mungu akubariki. Mlango unafungwa kwa ndani? Na kutoka hapo kupanda kituoni usiku nikiitwa, kuna boda?

MamaMukene
Komeo lipo la chuma. Boda baada ya saa nne hakuna, mpaka umpigie. Nitakupa namba ya mmoja asiyelewa.

MwenyeBati
Nesi, kabla hujaenda huko. Nina kimoja kinaachwa mwisho wa mwezi. Laki mbili na ishirini, na nitakuandikia kwenye karatasi, si kalenda.

NesiKisiwani
Na Krismasi?

MwenyeBati
Krismasi tutazungumza.

MamaMukene
Ameshajibu huyo. Nesi, njoo kesho kabla ya saa nne, nikianza kugeuza siinuki.

MswahiliWaTanga
Mimi nakuja Kalangala mwezi ujao. Mama, kilo ya hao dagaa ni bei gani?

MamaMukene
Wa nini?

MswahiliWaTanga
Mukene.