Naomba ushauri: mtambo wangu wa kutoa chumvi kwenye maji

Hamjambo wakubwa na wenzangu. Niko kidato cha tatu, twaishi Kisauni, Mombasa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, chai yake hainyweki. Basi kwa mradi wa sayansi nikaunda mtambo wa jua: sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, maji chini, kioo juu kimeinamishwa. Maji yakipata moto, mvuke hupanda, hugeuka matone kwenye kioo, hutiririka hadi chupani. Chumvi hubaki chini.

Kwenye daftari ni rahisi! Sanduku la kwanza lilivuja kila kona, maana nilitumia gundi ya karatasi. La pili nililaza kioo karibu sawasawa, matone yakaning'inia kisha yakadondoka kulekule yalikotoka. Kutwa nzima nikapata kijiko kimoja, na mdogo wangu hajaacha kunicheka. Fundi wa madirisha jirani ndiye aliyenipa silikoni iliyobaki (gundi isiyopitisha maji) na kuniambia niinue kioo upande mmoja.

Sasa napata kama nusu lita kwa siku, sanduku ni nusu mita mraba. Nataka zaidi. Nimefikiria kujaza makumbi ya nazi pembeni ili joto lisitoke, au nipunguze kina cha maji. Nianze na lipi?

La pili: mwenzangu asema ripoti ionyeshe mtambo uliofaulu tu. Mimi naona hayo masanduku mawili mabovu ndiyo yaliyonifunza. Niyaandike, au nitapunguziwa alama?