Naombeni ushauri: nitoe dhahabu kama yule mtunzi wa Twae Wangu Uzima?

AltoWaPili: Habari za usiku wadau. Naimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, mwaka wa kumi na moja huu. Mwalimu alinipa kazi ya kuwaeleza wenzangu habari za Frances Ridley Havergal, Mwingereza aliyetunga Twae Wangu Uzima mwaka 1874. Nimesoma mpaka usingizi umenikimbia. Mle wimboni anaomba fedha na dhahabu yake itwaliwe. Basi Agosti 1878 akafungasha vito vyake, karibu vipande 50, na kasha lake la vito juu, akavipeleka kwa CMS, chama cha wamisionari cha Kianglikana, walewale waliomtuma mmisionari Krapf aliyefika Mombasa 1844. Akaandika kwenye barua kwamba hajapata kufunga boksi kwa furaha kama ile. Sasa mimi nina mkufu na bangili mbili, na kanisa letu halijaezekwa. Nitoe nisitoe? Matusi hapana.

MzeeWaBesi: Binti, kabla ya dhahabu, mnauimba kwa tuni gani? Mwenyewe alitaka uimbwe kwa Patmos, tuni ya baba yake, mchungaji William Henry Havergal. Kwetu wanauburuza kwa tuni nyingine mpaka sauti ya kwanza wanasinzia. Na watu wanadhani yule mama alikuwa wa mashairi tu! Alipeleka muziki wake Cologne, Ujerumani, kwa mtunzi wa muziki Ferdinand Hiller aupitie, na Hiller hakuwa mtu wa mchezo. Tafuta tuni yake iitwayo Hermas, imbeni sauti zote nne, ndipo tuje kwenye vito.

Kichwa_Ngumu: Gramu ngapi? Namuulizia rafiki.

MamaG: Mwanangu, mimi 2009 nilitoa cherehani yangu kwenye harambee, wimbo umenipanda. Wiki iliyofuata nikaenda kuiazima kwa aliyeinunua. Akanitoza kwa siku. Mumeo anajua?

AltoWaPili: Mume hana neno. Na Frances hakuomba ruhusa kwa mtu.

Kichwa_Ngumu: Frances hakuolewa, dada.

Wakili_wa_Mtaa: Mkufu ulinunua mwenyewe?

AltoWaPili: Hilo linahusiana nini na mada?

Wakili_wa_Mtaa: Linahusiana. Jibu.

AltoWaPili: Haya. Ni wa marehemu mama. Aliniachia niutunze, tuko mabinti watatu. Lakini mimi ndiye niliyemuuguza, wenzangu wamekuja siku ya mazishi na mabegi. Mama naye alikuwa mwimbaji, angefurahi. Halafu ahadi nimeshaitamka mbele ya kanisa zima, na sonara wa Kariakoo ameshapima. Narudije nyuma?

Wakili_wa_Mtaa: Kumbe unatafuta mashahidi, ushauri ulishajipa. Tena hiyo barua ya Frances umeiruka mahali. Alibakiza pini moja mbili za kifuani, kumbukumbu za wazazi wake waliofariki, na kidani chenye picha pekee aliyokuwa nayo ya mpwa wake marehemu. Hivyo akavikomboa kwa fedha yake, thamani ikaenda CMS, vitu vikabaki nyumbani. Na vilikuwa vyake, havikuwa vya dada zake.

Popo_Macho: Jamani mnanyweshwa chai na mnaomba kuongezewa. Juu kule "mimi nina mkufu", katikati wa mama, mara sonara kapima. Na nani mwenye mawazo ya urithi anayekumbuka mpaka mwezi, Agosti 1878? Huyu anaandika igizo la Jumapili, anatutumia sisi kama wahusika.

MamaG: Chai au si chai, mdogo wake akipita humu itakuwaje?

MzeeWaBesi: Tarehe ziko sawa. Alizaliwa 1836, akafariki Juni 1879 huko Wales, miezi kumi tu baada ya lile boksi, umri 42. Tena binti ongeza na ya 1876: moto uliteketeza kiwanda cha uchapaji, pamoja na mabamba ya kitabu cha nyimbo alichokuwa akikihangaikia, na tuni zake hakubakiza nakala. Akaanza upya, noti kwa noti. Vijana wangu nawaambia kila siku, pigeni nakala, wananiona mshamba.

Popo_Macho: Na mzee ni akaunti yake ya pili.

MzeeWaBesi: Mimi nina miaka 71, hii moja yenyewe nimefunguliwa na mjukuu.

AltoWaPili: Hiyo habari ya pini za wazazi niliiona. Nikaipita. Bangili ni zangu kweli, nilinunua kwa hela ya upatu. Ila huo mkufu nimeshachukua nusu ya hela, na hela nimeshamkabidhi mtunza hazina.

Kichwa_Ngumu: Ndiyo maana niliuliza gramu.

Wakili_wa_Mtaa: Ameshauyeyusha?

AltoWaPili: Alisema kesho.

Wakili_wa_Mtaa: Anafungua saa ngapi?

AltoWaPili: Saa tatu.

MamaG: Saa mbili na nusu uwe mlangoni, na bangili mkononi.

MzeeWaBesi: Na Patmos je, nikutumie noti?