Mwanangu koo lilifunga baada ya kula kamba. Ni mzio au ni kitu kingine?

Mama Hafsa, Sahare

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi tulikuwa maulidini kwa jirani, mwanangu wa miaka 11 akala pilau na kamba wa kukaanga. Sahani hajaimaliza akaanza kujikuna viganja, nikadhani upupu. Mara mabaka shingoni, midomo ikamvimba, akatapika, sauti ikawa kama ya mtu aliyejazwa pamba kinywani. Akaniambia, "Mama, koo linafunga." Mpaka leo nalisikia neno hilo.

Tukapanda bodaboda, nimempakata katikati ameketi. Njiani shingo ikalegea. Zahanati tuliyofika wakamchoma piriton na haidrokotisoni, wakasema tusubiri. Tukasubiri. Akaingia muuguzi mmoja wa makamo, akaangalia mbavu zinavyobonyea kila anapovuta pumzi, akasema huyu anataka adrenalini sasa hivi, akamchoma pajani. Haukupita muda mtoto akafumbua macho, akaomba maji. Tukaruhusiwa magharibi. Usiku wa manane mabaka yakarudi.

Mama mkwe anasema ni jicho la watu, maana kamba kala tangu mdogo. Shemeji anasema walichacha. Mwenye kujua anisaidie.

Tabibu mstaafu, Chumbageni

Wa alaykum salaam, mama. Pole sana. Kula tangu utotoni hakumkingi. Mzio wa kamba mara nyingi huja mtu akishawazoea. Na uliyoyaeleza yanatosha kuutambua bila kungoja kipimo: ngozi, pumzi na tumbo kwa pamoja, dakika chache baada ya chakula. Wengine ngozi haioneshi kitu, wanaishiwa pumzi au wanazimia tu, na hao ndio tunaochelewa kuwagundua.

Piriton hutuliza muwasho. Koo haifungui, presha haipandishi. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Adrenalini ndiyo inayobana mishipa iliyolegea, ikapunguza uvimbe na kufungua njia ya hewa. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati: miligramu 0.3 kwa mtoto wa umri huo, 0.5 kwa mtu mzima. Zikipita dakika 5 bila nafuu, inarudiwa. Muuguzi yule Mungu ambariki.

Niliposoma bodaboda nimeumia. Mtu wa hali hiyo presha imeshuka. Ukimweka wima damu hairudi moyoni, anaweza kukata roho mikononi mwako. Mlaze chali, miguu juu. Anayehema kwa taabu mwache akae, miguu kainyoosha mbele. Anayetapika, mlaze ubavu. Tafuta bajaji, tafuta gari, hata pikapu ya kubebea samaki, lakini asisimame wala kutembea.

Hayo ya usiku ni wimbi la pili. Linaweza kuja saa nyingi baadaye, ndiyo maana mgonjwa huyu hubakizwa chini ya uangalizi. Likirudi, hata kama ni mabaka tu, nenda nalo hospitali.

Muuza samaki, Deep Sea

Dada, shemeji yako ana lake, ila si hapa. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo moto wa jiko hauiondoi. Uso unawaka, kichwa kinagonga, ulimi unawasha kama umelamba pilipili. Lakini hapo wanaugua wengi waliokula samaki yule yule. Kuna mwingine aliyeugua?

Halafu angalia dagaa unaonunua, mara nyingi wana uduvi, wale kamba wadogo sana, ndani. Na uulize mafuta ya kukaangia. Mimi karai la kamba nimelitenga tangu binti wa jirani yangu avimbe kwa chipsi.

Mama Hafsa, Sahare

Hakuna mwingine, na sinia letu tulikula watu sita. Dagaa nilizokuwa nazo nimezimwaga kwenye ungo nikazichambua: uduvi walijaa kiganja kizima. Nimeshamwambia ustadh wake wa madrasa, na bibi mwenye kuwauzia kachori. Tabibu, vipi kaa, kamba kochi, pweza?

Tabibu mstaafu, Chumbageni

Kaa na kamba kochi aache kabisa, protini yao inafanana na ya kamba na kupika hakuiharibu. Pweza na ngisi usimwonjeshe nyumbani hata kipande. Hilo aamue daktari baada ya kumpima. Na ukifika, mwambie daktari akuandikie kwenye karatasi jina la mzio na kipimo cha adrenalini, ibaki kwenye mkoba wa mtoto. Zahanati yoyote mtakayokimbilia, toa karatasi hiyo kwanza.