Wiki tatu baada ya kupewa stika ya ukaguzi wa gari breki zimekata na bi mkubwa (mama yangu) yumo ndani. Hivi mnakagua magari au mnakagua rangi?

Wakuu habari za jioni, wale wenzangu wa kusini na nyie wa Dar mnaopita humu. Nina hasira, nikichanganya mambo mtanivumilia, hii kitu nimekaa nayo siku nne nikaona nisipoiandika nitaenda kumtukana mtu kazini kwake nikalale ndani bure.

Nina Corolla 110 ya 1999. Najua mtaanza, "mkuu hilo uza kwa kilo". Nililinunua 2017 korosho ilipogonga elfu nne kwa kilo, mnaokumbuka msimu ule mnajua Mtwara ilikuwaje, na msimu uliofuata mambo yalivyoharibika mnajua pia kwa hiyo msiniulize kwa nini sijabadilisha gari mpaka leo. Linalala Shangani hapa Mtwara, hatua chache tu toka baharini, na mtu yeyote mwenye gari maeneo yale anajua ule upepo wa chumvi unavyotafuna bati, unaosha gari jumamosi, jumatano ukipitisha kidole chini ya mlango kinatoka na unga mwekundu.

Sasa ukaguzi. Nilienda mwenyewe, sikukamatwa wala sikutishwa. Foleni toka saa mbili asubuhi mpaka saa sita na nusu mchana, jua la Mtwara mnalijua. Zamu yangu ikafika, mkaguzi kijana mstaarabu tu, ana karatasi kwenye kibao. Washa taa. Washa full. Indiketa kushoto. Kulia. Hazadi. Kanyaga breki. Honi. Waipa. Mtungi wa moto uko wapi, pembetatu iko wapi. Akazunguka gari, akaipiga teke tairi ya mbele kushoto, kwa nini ile na sio nyingine sijui, akaandika. Dakika nne, tano nikimpendelea.

Nikafeli vitu vinne. Taa ya namba ya nyuma haiwaki, lenzi za taa za mbele zimepauka zimekuwa za njano, kioo cha mbele kina ufa upande wa abiria, mtungi umeisha muda. Sibishi, vyote vilikuwa kweli na lenzi zikipauka usiku huoni kitu. Nikanunua balbu, nikanunua mtungi, lenzi nikazisugua kwa msasa laini na dawa ya meno zikang'aa kama za dukani (zinang'aa mwezi mmoja tu, ukishasugua ile ngozi ya juu inayozuia jua ndio umeiua, zinapauka haraka kuliko mwanzo, lakini mimi nilitaka kupita). Ufa sikuugusa. Niliporudi hakuna aliyeuulizia, nikapewa stika nikabandika pale pale nikaondoka napiga mluzi.

Naomba mrudi pale aliposema "kanyaga breki". Nilikanyaga. Yeye kasimama nyuma anaangalia taa nyekundu kama zinawaka. Zikawaka, akaweka tiki. Huo ndio ulikuwa ukaguzi wa breki wakuu, amekagua BALBU.

Wiki tatu mbele nimeenda Mingoyo kule Lindi kumchukua mama, ana kliniki Mtwara kesho yake. Kakaa kiti cha nyuma na beseni lake la ming'oko (vile viazi pori vya kwetu) kapakata, hataki liwekwe kwenye buti eti litamwagika. Tumekuja vizuri kabisa, tunakaribia Mikindani pale barabara inaposhuka kwenda baharini, mbele yangu bajaji inakata kona bila indiketa, nikakanyaga. Pedali ikashuka. Haikugoma, ilishuka tu kama unakanyaga mto wa pamba mpaka ikagusa zulia, na gari badala ya kusimama likaanza kwenda kulia lenyewe, kulia maana yake upande wa wanaokuja, na anayekuja ni lori la makaa ya mawe, yale yanayorudi kutoka bandarini. Nikapiga pedali mara mbili tatu, nikavuta hendibreki ikaja mpaka usawa wa kiwiko haikamati chochote, nikarudisha gia mpaka namba moja, injini ikalia kama inapasuka, nikalisukuma kushoto kwenye majani. Lori likapita linapiga honi mpaka limepotea bado linapiga. Mama kanyamaza muda mrefu, ming'oko imetapakaa mpaka miguuni kwangu, halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "mwanangu, hili si juzi uliniambia limepewa cheti?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka kwa fundi mmoja mzee, sio fundi wangu wa kila siku, huyo nitamfikia. Mzee hakuuliza hata gari ya mwaka gani. Akapiga jeki, akaweka mawe, akalala chini kwenye mchanga na tochi ya simu mdomoni. Dakika ya kwanza akatoka na jibu. Paipu ya breki ya chuma inayoenda tairi ya nyuma kulia imetoboka kwa kutu, pale pale inapobanwa na klipu kwenye bodi. Mchanga na chumvi vinajikusanya kwenye klipu, unyevu haukauki, paipu nyembamba kama penseli inaliwa taratibu mpaka siku ukikanyaga kwa nguvu inapasuka. Akaniita nikaangalie, kuna sehemu unaibonyeza kwa kucha inavunjika kama ganda la korosho iliyoungua.

Nikamuuliza mbona nilisoma breki zimegawanywa mifumo miwili, ukipasuka mmoja mwingine unabaki. Akasema ndio, kwenye gari hizi mbele kushoto inaenda na nyuma kulia, mbele kulia inaenda na nyuma kushoto, kwa hiyo ulitakiwa kubaki na breki mbili, ngoja tuone. Akafungua paipu ya nyuma kushoto pale inapoingia kwenye tairi. Ndani kuna GOLOLI. Gololi ya beringi, kaidondosha mtu pale akakaza nati juu yake ili oili ya breki isipite. Maana yake tairi ile haijashika breki sijui tangu lini, na siku ile kule mteremkoni nilikuwa nabreki kwa tairi moja tu, ya mbele kulia, ndio maana gari likanivuta kwenye lori.

Na hiyo gololi najua kaweka nani. Mwaka jana silinda ya breki ya tairi ile ilikuwa inavuja, nikampa fundi wangu hela ya silinda mpya, akanirudishia gari jioni akasema "tayari nkulungwa, hata ukikanyaga usiku linalala". Nimempigia. Kwanza kakataa, halafu kasema spea ilikuwa haipo Mtwara nzima mpaka uagize Kariakoo ije na basi, akaona aniokoe nisikwame safari, breki tatu zinatosha. Breki tatu zinatosha! Na hela ya silinda? Simu ikaisha chaji.

Nikasema mzee kagua basi gari lote. Nitawapa kwa haraka maana nikikumbuka napandwa presha. Alishika tairi ya mbele juu na chini akaitikisa ikacheza, bol joint (kile kiungo kinachoshikilia tairi ya mbele) imekufa. Akashika kushoto na kulia, tairodi (kile chuma kinachogeuza tairi ukikata usukani) nayo inapiga makofi. Mpira wa draivishafti (chuma kinachozungusha tairi) umechanika, grisi yote imerukia ndani ya rimu, na mimi ule mlio wa ka-ka-ka nikikata kona nilijua ni mkanda wa feni. Kebo za hendibreki zimeliwa na kutu ndani ya ala yake mpaka zimekatika. Oili ya breki nyeusi kama kahawa ya kijiweni, inatakiwa ibadilishwe kila miaka miwili kwa sababu inanyonya maji ya hewani na yale maji ndio yanaoza paipu kwa ndani, mimi toka 2017 nimekuwa naongezea tu. Na ile tairi iliyopigwa teke? Ubavuni ina namba nne, 3113. Wiki ya 31 ya mwaka 2013. Nilinunua mtumba, kashata (yale meno ya tairi) bado zinaonekana nzuri lakini ukiikunja mbavuni imepasuka-pasuka kama kisigino. Mkaguzi aliipiga teke ikampa jibu gani sijui.

Sasa wajuaji mtasema gari ni lako, breki ni zako, ulipaswa ujue mwenyewe. Kweli. Oili ya breki ni uzembe wangu, tairi ni ubahili wangu, na kumuamini yule fundi ni ujinga wangu. Lakini mkuu, mimi sio fundi, ndio maana kuna mtu anaitwa mkaguzi! Trafiki akikukuta na kosa ni elfu thelathini, stika haipo kosa, taa haiwaki kosa, na uhalali wote wa kunitoza hela hizo ni usalama wa raia, huo usalama uko wapi kama hakuna anayepiga goti? Wenzetu Japani tunakotoa haya magari, gari jipya linakaguliwa likifika miaka mitatu na baada ya hapo kila miwili, linapandishwa kwenye mashine yenye magurudumu yanayozungusha tairi huku unakanyaga breki, kila tairi inasomeka peke yake. Uingereza kuanzia miaka mitatu ni kila mwaka, na kashata za tairi zinapimwa, chini ya milimita 1.6 umefeli. Hiyo tairi yangu yenye gololi ingesoma sifuri mtu hajamaliza hata kupiga miayo.

Mtasema mashine ni hela nyingi. Haya, msinunue mashine. Jeki ni shilingi ngapi? Inua tairi moja moja, mmoja akanyage breki mwingine azungushe tairi kwa mkono, ikizunguka umefeli. Shimo la kuingia chini ya gari linachimbwa kwa jembe, huku kwetu kila gereji ya uchochoroni inalo. Mnataka kuniambia nchi imeshindwa jembe?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilifeli mara ya kwanza. Angenipitisha moja kwa moja ningejua hajali, lakini alinifelisha kwa taa ya namba! Nikarudi nyumbani najisemea hawa jamaa wako makini, gari langu sasa limekaguliwa kweli kweli. Ile taa ya namba ndio ilinidanganya kuliko gololi.

NYONGEZA: Naona mshaanza kuniuliza ofisi gani, mkaguzi gani. Sitaji, na mkinilazimisha ntaomba uzi ufungwe. Mkaguzi mwenyewe siku ile alikuwa peke yake na magari zaidi ya arobaini nyuma yangu, nyie mngelala chini mara arobaini kwenye lami ile?

Aliyeniambia nizibe tu hiyo paipu ya pili na gololi nyingine "mpaka upate hela" namuomba asirudi kwenye uzi huu, namheshimu sana.

Mama amerudi Mingoyo kwa basi dogo na beseni lake, nilimwambia subiri kesho gari linakamilika, akacheka. Mwenye paipu za breki mpya za 110, nasema MPYA sio za kukata kwenye gari lililochinjwa, pamoja na silinda ya nyuma kushoto, kama yupo Mtwara au hata Lindi mjini aje inbox. Kariakoo wameniambia basi la kesho usiku, lakini wamesema hivyo toka jumatatu.