Yule fundi wa pampu mnayemjua nyote AMECHUKUA MCHI WA BIBI YANGU

BintiKiwandani (mwenye uzi)

Naandika mikono ingali inatetemeka. Makosa ya herufi mtanisamehe, na asiyetaka kusamehe apite.

Simtaji jina. Sina haja, mnamjua. Ndiye huyo huyo aliyetengeneza pampu za nyumba zote kuanzia Langoni hadi Mkomani na hakuna hata moja iliyopona. Akipita kichochoroni na lile begi lake, pampu zinazima zenyewe kwa hofu. Punda wanampisha, na mnajua punda wa Amu, Lamu yetu hii, hawampishi mtu.

Pampu yangu ile ndogo, inayopandisha maji kutoka birikani, lile hodhi la chini, hadi tangi la juu, ilianza kudondosha maji pale katikati, baina ya mota na kichwa, kwenye kile kitundu cha chini. Aliyeishi na pampu anajua maji yakitoka pale ni sili imekwisha, ile ya kuzuia maji yasivuje kwenye shafti. Sikuhitaji fundi aje kuniambia hilo, marehemu baba yangu aliendesha pampu ya shamba kule bara miaka na miaka na mimi ndiye niliyemshikia spana. Nilihitaji mikono tu, kwa sababu impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, imeshikwa na kutu na mimi nimejikata chanda kwa kisu cha samaki. Sili yenyewe niliagiza Mombasa, ya shafti ya milimita 12, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, ikanifikia kwenye karatasi yake safi kama mwali.

Akaja. Hakupiga hodi, alikohoa. Akachutama pale kiwandani, uani kwangu, akatoa bisibisi, akaanza kufungua. PLAGI IKO UKUTANI. Swichi imewashwa. Na ile pampu ina boya kwenye tangi, maji yakishuka inajiwasha yenyewe bila kumuuliza mtu. Nikamwambia, fundi, zima kwanza. Akaniangalia kama amesikia paka akisema. Akanijibu:

"Bibi, umeme unanijua."

Unamjua! Volti 240 zinamjua! Walisoma madrasa moja? Umeme ulikuja kwenye arusi yake?

Nikaenda nikazima swichi kuu mwenyewe. Feni kimya, friji kimya. Basi mkwe wangu, aliyekuwa juu akingoja maji ya udhu, akateremka ngazi nusu, akasema mbele ya yule mtu: "Mwache mwanamume afanye kazi yake."

Hilo nimelimeza. Wallahi nimelimeza. Ninalolileta hapa ni mchi.

Alipofika kwenye kile kipande cha kauri cha sili mpya, kilikuwa kinabana hakitaki kuingia kitakoni mwake. Kwanza akakifuta uso kwa msuli wake, msuli aliojifunga tangu alfajiri, umeshuhudia kila kitu. Kisha akaangaza macho huku na huku. Nikadhani anatafuta maji ya kunywa. Akaingia JIKONI KWANGU akatoka na mchi. Mchi wa kinu. Mchi wa marehemu bibi yangu, uliotwanga iliki ya arusi ya mama na ya kwangu. Akaushika kwa mikono miwili, akapiga: ko, ko, ko. Juu ya sili.

Mchi.

Halafu akafunga, akarudisha umeme, akawasha bila kujaza maji pampuni, eti "tuisikie sauti". Tumeisikia. Msikiti wa pili umeisikia. Sasa inadondosha mara mbili ya zamani, na jioni hii ananitumia ujumbe kwamba sili niliyonunua ni feki.

Mchi wa bibi yangu una mafuta meusi.

NahodhaMstaafu

Yeo mumenitekesha hadi jino limetoka. Ni yule wa kofia ya kijani?

BintiKiwandani

Simtaji.

MwanaWaLangoni

Wa kofia ya kijani ni wa friji. Huyu ni yule mwenye spana moja.

ShogaWaShela

Mwenye spana moja ni mjomba wangu na hajavuka huko tangu Maulidi. Chungeni ndimi.

KahawaChungu

Mimi nimesoma "sili imekwisha" nikadhani dada amemaliza kufunga. Nikasema basi mpeni tende ale.

BintiKiwandani

Ninyi chekeni. Mchi huo ulitoka Pate, bibi alikuja nao mkononi alipoolewa. Haujawahi kugusa hata kitunguu thaumu.

Spana17

Dada, mimi ni fundi, si huyo, na nitasema kweli usinirukie. Katika yote aliyofanya kwako leo, mchi ndilo jambo pekee alilokaribia kupatia.

BintiKiwandani

NINI?

Spana17

Ni mbao. Wengine wanatumia nyundo ya chuma moja kwa moja, kauri inapasuka kama bilauri. Ufa wenyewe huuoni kwa macho, utauona kesho maji yakitoka. Kosa lake ni kupiga. Kile kipande kinasukumwa, hakipigwi. Unapaka tone la maji ya sabuni kwenye mpira wake, unakiweka sawa, unakibonyeza kwa vidole gumba viwili huku umekifunika karatasi safi. Kikikaza, tafuta kipande cha bomba la plastiki kinachoenea mduara wake, usukume pande zote kwa mkupuo. Kikiingia upande upande, umefanya kazi bure.

Na grisi usipake. Kuna mipira ya sili inayovimba ikikutana na mafuta.

BintiKiwandani

Umeandika aya nzima na hujaelewa. MCHI.

MwanaWaLangoni

Wangu alipaka samli. Sitanii. Nilimwambia grisi sina, akauliza samli ipo? Pampu ilinukia biriani mfungo mzima, tukawa tunatamani maji mchana.

KahawaChungu

Wewe umepata samli. Wangu alibadilisha nusu ya sili, ile kaboni inayozunguka, kauri ya zamani akaiacha mle mle, akasema amenipunguzia gharama. Haikumaliza Ijumaa mbili.

Spana17

Ya zamani imeshalika kwa mwendo wake, ukiikutanisha na mpya hazikai uso kwa uso. Zinabadilishwa zote mbili, hakuna cha nusu. Tena nyuso hizo haziguswi hata kwa kidole kisafi, mafuta ya ngozi na chembe ya mchanga vinatosha kuziharibu. Msuli ndio usiseme.

NahodhaMstaafu

Mwanangu Spana, na hili la kuwasha bila mai? Mimi pia huwasha kidogo tu, kusikiliza.

Spana17

Ami, usisikilize tena. Zile nyuso mbili hazigusani hivi hivi, baina yake kuna utando mwembamba wa maji, ndio unaozilainisha na kuzipoza. Pampu hizi ndogo huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Kukavu, hiyo sili inaungua wewe ungali unasema "mbona inalia". Fungua kile kifuniko cha juu, jaza maji mpaka yamwagike, zungusha shafti kwa mkono upande wa feni usikie kama iko huru, ndipo uwashe.

Na kuhusu umeme kumjua mtu: chomoa plagi, uiweke pale unapoiona. Swichi kuu kuzima peke yake haitoshi, atakuja mtoto wa nyumba airudishe akatazame katuni. Gusisha testa kabla hujagusa wewe. Kisha kapasita, kile kikopo cha kuanzishia mota, usiipapase, ile hubaki na umeme wake hata ukishachomoa. Dada alifanya vyema kuzima.

BintiKiwandani

Hatimaye! Mwambie mkwe wangu hivyo hivyo. "Mwache mwanamume afanye kazi yake." Mbele yake! Mimi nimeshika swichi, yeye ameshika mchi, na mwenye makosa ni mimi.

KahawaChungu

Weka picha.

BintiKiwandani

Ya pampu?

KahawaChungu

Ya mchi.

MtotoWaMalindi

Jamani nawasoma nikiwa Malindi. Mnalalamikia pampu, nanyi birikani mna maji. Huku mferejini maji yakija huja saa nane usiku, yakikohoa. Juzi nimeamka na rungu nikidhani ni mwizi.

ShogaWaShela

Hao wa Amu ndio wenye kudeka. Maji yao yanatoka wapi? Kwenye visima vya mchanga wetu wa Shela. Sisi tunakaa juu ya maji, wao wanayanywa, na bado wao ndio wanaofungua nyuzi.

MwanaWaLangoni

Mchanga wenu! Mmeujengea majumba ya wageni mpaka vilima vimeanza kukonda, na mvua hunywewa na vilima hivyo. Siku vikiisha nyote mtakuja Langoni na ndoo, tutawasubiri.

ShogaWaShela

Aliyejenga si mimi shoga yangu, mimi nyumba yangu ni ya babu yangu.

MwanaWaLangoni

Mimi ni mwanamume.

ShogaWaShela

Basi umeandika kama shoga yangu.

Spana17

Kwa kuwa mmetaja mchanga, pampu nyingi za hapa huuawa na huo pamoja na chumvi. Punje ikiingia baina ya nyuso za sili inachora, na mchoro mmoja unatosha. Dada, utakapofungua tena tazama shafti pale mpira unapokaa. Ikiwa imelika na chumvi, isugue taratibu kwa msasa laini. Ukiona ina bonde, sili yoyote utakayoweka itavuja. Na uitikise juu na chini, ikicheza beringi zimekwisha, anza na hizo.

NahodhaMstaafu

Huyu kijana anaongea kama daktari wa zamani. Yuko wapi nimtume mtu?

Spana17

Hindi, huku bara, ami. Kuvuka ni Jumatano.

KahawaChungu

Samahani kwa kuingilia, lakini nimekumbuka jambo. Huyo fundi wa mwenye uzi alikuja na punda leo? Mweupe, sikio moja limepinda?

BintiKiwandani

Ndiye.

KahawaChungu

Alimfunga MLANGONI KWANGU. Saa nzima na nusu. Amekula mkeka wa mamangu, ule wa ukili wa rangi tatu, amebakisha pindo. Nimekaa nikijiuliza ni punda wa nani, kumbe mwenyewe yuko kwako anatwanga!

MwanaWaLangoni

Mweupe wa sikio lililopinda alikula kanga yangu kwenye kamba mwaka jana.

ShogaWaShela

Ulisema wewe ni mwanamume.

MwanaWaLangoni

Kanga ya mke wangu!

NahodhaMstaafu

Punda huyo namjua, alinifungia njia nikienda kuzika. Tukasimama na jeneza begani, yeye anajikuna ukutani. Tulimwomba kwa heshima zote.

KahawaChungu

Nataka mkeka wangu ulipwe. Mimi nitafungua uzi wangu.

MtotoWaMalindi

Usifungue, endelea humu humu, nimeshakaa kitako.

BintiKiwandani

Jamani mimi nilikuwa nazungumzia mchi.

BiMkubwa_Darini

Assalamu alaykum. Mimi ndiye mkwe.

KahawaChungu

Astaghfirullah.

NahodhaMstaafu

Nyote kaeni sawa.

BintiKiwandani

Shikamoo mama. Mama, uko huku?

BiMkubwa_Darini

Marahaba. Niko juu yako hapa, nakusikia unavyobonyeza hiyo simu. Nimesoma yote. Nilisema mwache afanye kazi yake kwa sababu nilitaka aondoke upesi, na udhu nimechota kwa jirani, asante kwa kuuliza. Huo mchi ulipaswa kuwa juu ya rafu, siyo juu ya gunia la mkaa, lakini hilo tutalizungumza huku huku nyumbani.

Ninalolileta mimi ni friji. Ulipozima umeme nilikuwa na barafu arubaini za ukwaju na maembe, za kuuzwa watoto wakitoka chuoni, madrasa. Swichi ilirudi lakini ile ya friji mlangoni hamkuiwasha, wewe wala yeye. Karibu nusu zimekuwa sharubati.

BintiKiwandani

Mama, nisamehe.

ShogaWaShela

Bi Mkubwa, barafu za ukwaju ni zile zenye pilipili manga kwa mbali?

BiMkubwa_Darini

Ndizo. Ishirini na mbili ziko salama.

MwanaWaLangoni

Mimi niwekee nne. Za mke wangu mbili.

Spana17

Samahani, dada, ile pampu umeichomoa lakini? Kama maji yanavuja kuelekea kwenye beringi yataingia ndani ya mota, isikae na umeme usiku.

KahawaChungu

Bi Mkubwa, za maembe bei gani? Nawe wajua nina msiba wa mkeka.

BiMkubwa_Darini

Bei ile ile. Msiba wa mkeka kamdai mwenye punda.

MtotoWaMalindi

Malindi hamleti?

ShogaWaShela

Zifike Malindi zikiwa nini, mvuke? Bi Mkubwa, hizo ni za maji ya kisima au ya mvua? Nauliza tu, ya kisima chenu huko mjini yana chumvi.

BiMkubwa_Darini

Ya mvua, birikani, na yamechemshwa. Nanyi mje na vyombo vyenu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na mimi sina vikombe vya kugawa.

NahodhaMstaafu

Ukwaju mbili. Namtuma mjukuu, ana kibuyu.