Fizi ya magego kubaki na maumivu baada ya ganzi ya taya la chini

Swali: Wenzangu, sindano ya ganzi ikipigwa karibu na tundu lililo upande wa ndani wa taya la chini, mdomo wa chini hufa ganzi, lakini fizi ya magego upande wa shavu huendelea kuuma. Kwa nini?

Jibu la 1: Fizi hiyo haihudumiwi na neva inayoingia katika tundu hilo. Neva ya shavu, ambayo nayo ni tawi la neva ya trijemina (neva kuu ya hisia za uso), hujitenga mapema huko juu, ikakatiza mbele ya sehemu ya taya inayopanda, ndipo ikafika kwenye fizi. Kwa hiyo neva hiyo inahitaji sindano yake ya pekee kabla ya kung'oa gego. Neva ya ulimi hupita jirani na tundu, hivyo nusu ya ulimi hufa ganzi pia.

Jibu la 2: Naongeza tahadhari moja. Sindano ikienda nyuma mno huweza kuingia katika tezi ya parotidi (tezi ya mate iliyo mbele ya sikio), inamopita neva ya uso, inayoendesha misuli ya uso, na mgonjwa akashindwa kufumba jicho la upande huo mpaka dawa iishe nguvu. Ndiyo maana tunasisitiziwa kugusa mfupa kwa ncha ya sindano kwanza, kabla ya kuingiza dawa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nilidhani nimekosea kipimo cha dawa.