Naomba ushauri: spika za honi kwenye sebule ndogo
Wakuu, habari za jioni. Nataka kujitengenezea spika za honi za kukunja (sauti hupita kwenye njia inayopanuka kama tarumbeta, iliyokunjwa ndani ya boksi), plaiwudi ya milimita 18, ndani spika ya inchi 15. Amplifaya yangu ya valvu (zile taa za kioo za zamani) ina wati 8 tu, na honi haihitaji nguvu nyingi.

Shida ni sebule. Ina mita 3.4 kwa 4.2, kuta za tofali za saruji, chini marumaru. Wimbi la besi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, yaani nusu yake ni upana wa chumba kabisa! Hapo besi itavuma, hilo sina shaka nalo.

Klipschorn, ile spika maarufu ya honi ya mwaka 1946, hukaa konani ili kuta ziendeleze mdomo wa honi. Kwangu kona moja imeliwa na mlango. Je, nisimamishe ukuta wa bandia wa mbao, au besi niiachie boksi la kawaida, honi ianzie hezi 500? Na sponji ukutani inapunguza besi kweli, au inameza sauti za juu tu?

Seremala anasubiri vipimo, na advansi keshachukua.